Mji Uliokubali Mara Nne

Njia aliyopita Kidawa hata akafika Itikio haina haja ya kusimuliwa. Ilikuwa na vumbi, kisha matope, kisha vumbi tena, na kila msafiri anayo ya kwake ya namna hiyo. Inatosha kusema kwamba alifika mchana, akiwa na kikapu cha nguo na njaa ya kutosha, na kabla hajakitua kikapu alikwisha kupewa cheo.

Watu wa Itikio wana sheria juu ya wageni. Sisi wengine husema "mgeni njoo, mwenyeji apone," tukamkaribisha mtu kwa maji ya kunywa na tukaishia hapo. Wao wameliandika neno hilo katika katiba. Mgeni wa kwanza kuingia baada ya mavuno huwa Shahidi wa Mji. Hutembezwa, hulishwa, hulazwa, na masika yakikaribia husimama mbele ya Baraza akatamka kama Mpango wa mji umekubaliwa na wananchi au haukukubaliwa. Neno lake ndilo la mwisho. Wenyeji hawaruhusiwi kushuhudia wenyewe, kwa kuwa mambo yanawahusu.

Kidawa alikuwa mwanamke wa makamo, fundi cherehani huko kwao, mwenye jicho la kuona mshono uliopinda hata kwenye nguo ya mpita njia. Alijaribu kukikataa cheo. Akaambiwa kwa upole kwamba kukataa ni jambo ambalo Itikio hawana matumizi nalo.

Aliyemwambia hivyo ni Bwana Mwafaka, Mkuu wa Idara ya Kukubaliwa, mtu mnene na mcheshi, mwenye koti ambalo mikono yake ilivipita vidole kwa shubiri nzima na kuning'inia. Kidawa alidhani amekosewa na fundi. Kumbe ndivyo wavaavyo wakubwa wote wa nchi ile, ili ijulikane kwamba hawashiki kitu. Cheo kikipanda, mikono ya koti huongezwa. Spika wa Baraza alikuwa na mtu wa kumlisha, mtu wa kumkuna, na mtu wa kumpigia makofi alipofurahi.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na hilo lisemwe kwa haki. Ulisema mfereji wa kale unaoanza kilimani na kupita katikati ya mji ufunguliwe, maji ya masika yapate njia hadi kwenye matete, yasiingie majumbani. Ulisema miti ipandwe. Ulisema taka zisitupwe mabondeni. Kidawa aliusoma wote, akaona hauna mshono mbaya hata mmoja isipokuwa mmoja tu: popote ulipomtaja mwananchi, ulimtaja akikubali.

Siku iliyofuata Bwana Mwafaka akamtembeza. Walifika mahali penye kibao cha shaba kilichoandikwa MFEREJI ULIFUNGULIWA HAPA. Chini ya kibao palikuwa na mgahawa wa chai, nyuma ya mgahawa choo, na nyuma ya choo banda la kuku. Wakaenda hadi penye kibao cha MSITU WA MJI, ambapo mbuzi watatu walikuwa wakiutafuta huo msitu bila mafanikio.

"Bwana Mwafaka," alisema Kidawa, "Mpango huu umetekelezwa?"

"Umekubaliwa mara nne, Bi Shahidi. Kwa kauli moja."

"Nimeuliza kama umetekelezwa."

Bwana Mwafaka akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni jinsi ya kula samaki mwenye miiba. "Kwetu sisi, mpango uliokubaliwa na watu wote umetekelezwa. Ndiyo sheria. Itawezekanaje watu wote wakubali jambo, halafu jambo lisiwe?"

"Na maji ya masika yaliyopita?"

"Yale yalikuwa maji tu," alisema Bwana Mwafaka. "Hayakuhudhuria mkutano."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Jioni ile Kidawa alipelekwa kuhudhuria mkutano wa kata. Watu walikaa kwenye viti vya mistari, kila mmoja ameweka viganja vyake vitupu juu ya magoti. Wakagawiwa kofia zenye jina la Mpango. Bwana Mwafaka akauliza kama wanaukubali, wakajibu kwa pamoja, "Tunaukubali kwa moyo mmoja!" Kisha wajumbe wa Baraza wakajadiliana kwa ukali kama iandikwe "wameukubali" au "wameukubali sana." Hoja zilikuwa nzito pande zote mbili. Lililoshinda ni "sana," na watu wakaenda nyumbani na kofia zao.

Kidawa alilazwa Kishimoni, mtaa wa chini kabisa, kwa kuwa vyumba vya wageni vya kilimani vilikuwa vimejaa makabrasha ya Mpango. Mwenyeji wake alikuwa Bi Raziki, mjane mwembamba asiyekaa kitako. Aliishi na mama mkwe wake, Bibi Tausi, ambaye miguu yake ilikwisha kufa ganzi miaka mingi, na ambaye hakuwa na la kufanya ila kuwakosoa walio na miguu. Ukutani palikuwa na alama ya maji ya masika yaliyopita. Ilimfika Kidawa kifuani.

"Usiku ule tulimtoa mama juu ya mlango," alieleza Bi Raziki. "Tuliung'oa mlango, tukamlaza juu yake, tukamsukuma majini hadi kilimani. Jirani yetu wa upande ule hakuwa na wa kumsukuma."

Kitanda cha Bibi Tausi kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye alama ile, na masika yalikuwa yanakuja. Tangu siku hiyo Kidawa hakuona sababu ya kuyacheka mambo ya Itikio.

Kesho yake alasiri akamuuliza Bi Raziki waziwazi, "Na wewe mwenzangu, unaukubali Mpango?"

Bi Raziki akaweka mikono yake magotini. "Naukubali kwa moyo mmoja," alisema. Kisha akavuta kibao cha mbuzi, akakikalia, akatwaa nusu ya nazi na kuanza kukuna. "Mpango gani wa kipumbavu ule!" alisema. "Wameutunga watu wasioijua hata njia ya kuja huku. Mfereji umezibwa tangu juu hadi chini na kila mtu anajua nani kaziba wapi. Nani atabomoa choo chake kwa sababu ya kofia?"

Kidawa akamkatiza. "Mbona umesema unaukubali sasa hivi?"

"Sasa hivi mikono ilikuwa mitupu, dada. Huoni sasa inafanya kazi?"

Ndipo akaelezwa. Zamani Itikio walikuwa na mfalme mwepesi wa hasira, aliyewafunga watu kwa maneno yao. Mwanamke mmoja akamtukana huku akitwanga, akapelekwa kwa kadhi. Kadhi yule, Mungu amrehemu, akahukumu kwamba aliyemtoa pumzi mwanamke ni mchi, na neno lilitoka na pumzi. Basi ashtakiwe mchi. Tangu hapo ikawa sheria. Neno linalotamkwa kwa mikono mitupu ni hati, linamfunga mtu, kwa hiyo huwa la adabu. Neno linalotamkwa mikono ikiwa kazini ni pumzi tu, halina kesi wala halina nguvu. Mfalme alikufa, ila hofu aliyoiacha ilibaki ikilishwa.

"Kwa hiyo ukweli mnausema jikoni," alisema Kidawa.

"Jikoni, kisimani, kwenye useremala, popote penye kazi."

"Na wakubwa wanajua?"

Bi Raziki akacheka hadi nazi ikamponyoka. "Watajuaje? Umepata kumwona mkubwa ameshika kitu?"

Kidawa hakulala vizuri. Asubuhi akaenda moja kwa moja kwenye Baraza, akaomba ufanyike mkutano mmoja ambao watu watakuja na kazi zao. Baraza likashtuka. Mjumbe mmoja akasema mkutano wa mikono yenye kazi ni sawa na kutokutana. Mwingine akasema watu walikwisha kukubali sana, na kuwauliza tena ni kuwadharau. Wakamkatalia, ingawa kwa kuwa neno la kukataa hawakuwa nalo, walisema wanakubali kutoendelea na jambo hilo.

Lakini fundi cherehani hajui kukata tamaa, anajua kukata kitambaa upande mwingine. Kidawa akaomba asomewe sheria ya wageni yote. Mle ndani, karibu na mwisho, paliandikwa kwamba Shahidi ana haki ya karamu moja ya chakula apendacho, kitakachotayarishwa kama kinavyotayarishwa kwao.

"Nataka makande," alisema. "Na kwetu makande ya heshima hutayarishwa na mji mzima. Mahindi yote hupukuchuliwa na maharage yote huchambuliwa kwa mikono ya watu wote, wadogo kwa wakubwa. Asiposhiriki hata mmoja, mgeni ametukanwa."

Desturi hiyo kwao haipo, na wala haijapata kuwapo. Ila nani angekwenda kuhakiki?

Likazuka jambo la mikono ya makoti. Wajumbe walijadili asubuhi nzima kama koti la cheo laweza kukunjwa. Mwishowe ikaonekana kwamba sheria inakataza kuikata mikono hiyo, haikatazi kuipandisha. Kidawa akatoa sindano, akawashikiza mmoja mmoja kwa mishono ya muda. Vidole vilivyotokea vilikuwa vyeupe na laini mno. Bwana Mwafaka alivitazama vyake, akavikunja na kuvikunjua, akasema, "Kumbe bado vipo."

Siku ya karamu watu walijaa uwanja wa soko. Magunia ya mahindi yalimwagwa katikati, kila mtu akatwaa lake. Mwanzoni hapakusikika kitu ila punje zinazoanguka kwenye masinia. Walitazamana. Hawajapata kuwa mbele ya wakubwa na kazi mikononi, na wakubwa hawajapata kuwa na kazi mikononi mbele ya mtu yeyote. Kidawa alimtazama Bi Raziki. Bi Raziki alipukuchua hindi zima, akatwaa la pili.

"Sisi Kishimoni," alisema, "tumechoka kufa kwa adabu."

Basi ikawa kama mtu amezibua pipa.

"Semeni mnayemsema!" alijibu Mzee Fundo, mwenye mgahawa uliokaa juu ya mfereji, mtu wa shingo nene na kinyongo cha siku nyingi. Alikuwa akipukuchua kwa nguvu hadi punje zinaruka. "Mimi nipo juu ya mfereji, nani asiyejua? Huo Mpango unasema nihamie kilimani. Kilimani nimuuzie nani chai, mawingu?"

"Nani kakwambia uende kilimani? Si kuna kile kiwanja ng'ambo!"

"Kile mmekiwekea kibao cha msitu!"

"Msitu wenyewe uko wapi?"

"Muulize mbuzi!"

Watu wakaangua kicheko, na katika kicheko kile mambo yakatoka moja baada ya jingine. Wa maghala walisema miti ililetwa mwezi wa kiangazi, ikapandwa, ikapigwa picha, ikafa. Wa machinjioni walisema wangepeleka taka kungelikuwa na pa kuzipeleka. Mwanamke mmoja akatamka hadharani kwamba choo kilicho juu ya mfereji ni chake, na kwamba yuko tayari kukibomoa kesho, mradi asiwe wa kwanza, kwa kuwa wa kwanza siku zote ni mnyonge, na zamu haifiki kwa wa kilimani. Walitukanana. Mzee Fundo aliitwa jina ambalo sitalirudia, naye akarudisha mawili. Kidawa aliogopa watapigana, ila mikono ilikuwa na mahindi, na ngumi haikunjiki vizuri na hindi ndani yake.

Bwana Mwafaka alipukuchua vibaya, akitoa punje moja moja kama mtu anayeng'oa meno, na kidole gumba kilikwisha kuchubuka. Mara akasema, si kwa sauti ya mikutanoni, "Ukuta wangu."

Waliokuwa karibu wakageuka.

"Ukuta wa bustani yangu," aliendelea, bila kuinua macho kutoka kwenye hindi. "Ndio ulioziba kichwa cha mfereji. Hata mkibomoa vyote huku chini, maji hayatafuata mfereji, yatauzunguka ukuta wangu na kushukia Kishimoni. Nimejua tangu mara ya kwanza mlipoukubali Mpango. Kila mlipokubali nilikuwa nashusha pumzi, maana mkikubali hakuna kitakachofanyika. Nami usiku mvua ikinyesha silali."

Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Hapana aliyeshangaa kuhusu ukuta. Mji mzima uliujua. Walilolishangaa ni kwamba na yeye alijua.

"Mficha uchi hazai," alisema Mzee Fundo, safari hii kwa upole. "Haya, tumezaa."

Hapo ndipo Karani wa Baraza, ambaye kazi yake ni kukumbuka sheria wakati watu wanapoanza kuelewana, alipokohoa. "Nawakumbusha," alisema huku akichambua maharage, "kwamba yote haya ni pumzi. Mikono ina kazi. Mkishaweka magunzi chini hakuna lililosemwa, na hakuna linalomfunga mtu. Na mkiyarudia kwa mikono mitupu, kila mmoja ana haki ya kusema la adabu."

Ilikuwa kweli. Lundo la mahindi lilikuwa limekwisha, zimebaki punje chache kwenye mahindi waliyoyashika, na watu walianza kupukuchua polepole, kama watoto wasiotaka kumaliza peremende. Walikuwa wametazamana usoni kwa mara ya kwanza, na baada ya punje hizo wangerudi kuwa watu wa kofia. Bi Raziki alikuwa akitafuta punje kwenye gunzi lililokwisha.

"Na ni nani," aliuliza Mzee Fundo, "aliyesema tutaweka chini?"

Akainuka, gunzi lake likiwa bado mkono wa kushoto, akaenda kwenye ukuta wa soko palipoegemezwa majembe, akatwaa moja kwa mkono wa kulia. Aliposhika barabara ndipo alipolitupa gunzi. Akaenda kusimama mbele ya mgahawa wake mwenyewe, akautazama kidogo, akapiga pigo la kwanza kwenye kizingiti.

Watu walielewa mara moja, kwa jinsi watu wanaoishi na sheria mbaya wanavyoujua upenyo wake. Kama neno la kazini halifungi mtu baada ya kazi, basi kazi isiishe. Wakamfuata, hindi mkono mmoja, jembe, sururu au karai mkono wa pili, na hakuna aliyekuwa na mikono mitupu hata kwa kufumba na kufumbua. Mwenye choo alipoona mgahawa umeanza hakungoja kuombwa. Wajumbe walipanda kilimani na mishono ya Kidawa kwenye makoti, na Bwana Mwafaka akaubomoa ukuta wake kwa nyundo aliyoishika kinyume hadi alipoelekezwa. Makande yaliliwa kwa zamu. Kidawa alipata yake yamepoa, na anasema hajala matamu kama yale.

Walichimba siku hadi siku, wakigombana muda wote. Waligombana juu ya upana, juu ya mawe, juu ya nani amekwepa zamu. Mgahawa ulisimama upya ng'ambo, na kibao cha msitu kikawa meza ya kuwekea vikombe, huku miche halisi ikipandwa pembezoni mwa mfereji na wale watakaoimwagilia. Mpango ulibadilishwa mara nyingi kuliko ulivyokubaliwa.

Ikafika siku ya ushahidi. Mfereji ulikuwa haujafika kwenye matete; bado kipande kimoja, kile cha Kishimoni kwenyewe. Kidawa akasimama mbele ya Baraza, na Spika akauliza kwa sauti ya desturi, "Bi Shahidi, Mpango umekubaliwa na wananchi?"

Angeweza kusema ndiyo, tena bila kudanganya. Lakini aliijua sheria yao. Uliokubaliwa umetekelezwa, na uliotekelezwa huwekewa kibao, na majembe hurudi nyumbani.

"Haukukubaliwa," alisema Kidawa. "Nimewaacha sasa hivi wakitukanana juu ya udongo. Sijaona watu wasiokubaliana kama hawa."

Baraza zima likaguna. Jambo hilo halijapata kutokea, na Karani alifunua sheria zote bila kupata la kufanya na mpango usiokubaliwa, ila kuuacha uendelee. Bwana Mwafaka, aliyekuwa na malengelenge viganjani, akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," alisema, akaomba ruhusa arudi kazini.

Kipande cha mwisho kilifunguliwa mawingu yakiwa yamekwisha kukaa juu ya kilima.

Mvua ilianza alfajiri, na haikuanza kwa kubembeleza. Kidawa na Bi Raziki walikuwa wamekwisha kuvaa, wamefunga vitu, wamesimama mlangoni. Waliyasikia maji kabla ya kuyaona. Yalikuja mekundu, yamebeba matawi na kofia za Mpango, yakapita mbele ya nyumba yakiwa ndani ya mfereji, yakazidi, yakafika ukingoni, yakakaa pale. Wakayatazama kwa muda mrefu. Hayakupanda. Yalikuwa yakienda kwenye matete kwa kishindo, na majirani walikuwa wakitoka mmoja mmoja kwenye vizingiti vyao na kusimama tu kwenye mvua.

Ndani Bibi Tausi aliamka. "Raziki! Mvua hiyo imeanza lini? Mbona hamjaniamsha?"

"Imeanza zamani, mama. Lala."

"Nilale vipi na makelele yote hayo?" alisema Bibi Tausi, akajigeuza ukutani, na kabla hawajamjibu wakasikia anakoroma.

Bi Raziki aliketi kwenye kizingiti. Tangu Kidawa amjue hajamwona ameketi hivyo, bila nazi, bila mchele, bila uzi. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, na mvua ilikuwa ikiinyeshea. Majirani walikuwa karibu kiasi cha kusikia, na Karani wa Baraza, ambaye kumbe nyumba yake ilikuwa palepale Kishimoni, alikuwa wa tatu kutoka hapo.

"Niliogopa," alisema Bi Raziki, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Miaka yote hii nilikuwa naogopa sana."

Karani alimtazama, akaitazama mikono yake. Kisha naye akaketi kwenye kizingiti chake, akaiweka ya kwake magotini.

"Hata mimi," alisema.